Vidole vya Bukavu

Jambo la kwanza Fabrice aliloulizia lilikuwa afya ya mwalimu wake. Mathilde Lwaboshi aliliweka hilo akilini kabla hajakalia kiti cha plastiki alichosukumiwa na sajenti. Mtu yuko mahabusu tangu Jumatatu, mke wake amesimama nje juani na bakuli la nsima, ugali wa huku, na swali lake la kwanza ni mwalimu Apollinaire.

"Mwalimu iko muzima," Lwaboshi alimjibu. "Douce na batoto pia iko bazima, kama ulikuwa unataka kuuliza."

Fabrice akatazama sakafu.

Huko Bukavu Lwaboshi alikuwa inspekta wa upelelezi, OPJ kama wanavyosema wenyewe. Alipokimbilia Malawi jina hilo lilimfuata mpaka kambini Dzaleka. Mshahara ulibaki nyuma. Siku hizi anashona sare za shule na suti za harusi, na mtu akipatwa na balaa humkimbilia Mama OPJ, kana kwamba cherehani ina mamlaka ya kukamata. Hapa Lilongwe, kituoni, aliingizwa kama mkalimani. Fabrice aliletwa Dzaleka angali mtoto wa kubebwa, akasomea kambini, na Kiingereza alikijua kuliko sajenti Nyirenda mwenyewe. Lakini tangu afungwe kilikuwa kimemtoka chote kichwani, na sajenti akalazimika kutafuta mtu wa Kiswahili. Kijana alikuwa na akili, hilo Lwaboshi hakumnyima.

"Nieleze ile samedi," alisema, yaani Jumamosi ya tukio.

"Ni mi njo nilifanya," Fabrice alisema. "Niliingia mu data center, nikaweka seva mupya mu kabati, nikakosa. Data ya maabara ikafutika. Hakuna mutu alinituma. Andika tu ivo."

Alisema kama mtoto anayejibu katekisimu, bila kutafuta neno hata moja.

"Na modpas, ile nenosiri ya seva? Banasema uliifunga juu bakose kuingia."

"Modpas nilimupatia madamu Amanda wa data center ku telefone ile ile siku. Zawadi, jina ya mutoto, na mwaka alizaliwa."

"Inakataa."

"Haiwezi kukataa." Uso wa Fabrice uliinuka kwa mara ya kwanza. "Mama OPJ, ile haiwezi kukataa."

Lwaboshi alikuwa amehoji waongo wa kila namna, wenye njaa na wenye shibe, na alijua tofauti. Ungamo la kijana huyu lilikuwa la kukariri, lakini mshangao wake ulikuwa wa kweli. Mtu aliyefunga mlango kwa mkono wake hashangai ufunguo ukikataa.

Alipotoka nje, Douce hakuuliza kama mumewe ana hatia. Aliuliza kama atatoka kabla ya Jumatatu. Jumatatu basi la shirika lingekuja Dzaleka kuchukua familia zinazohamia Kanada, na ya kwao ilikuwa mojawapo, baada ya kungoja tangu Douce akiwa msichana. Kampuni aliyoifanyia kazi, yenye kituo cha data, ilikuwa imemshtaki Fabrice kwa hujuma, na mwenye kesi ya hujuma hapandi ndege. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Mama, unitolee bwana yangu," Douce alisema. "Hiyo tu."

Lwaboshi akamwambia atamtoa. Hakupaswa kusema hivyo, na alijua hivyo wakati anasema.

Kituo cha data kilikuwa ndani ya jengo lisilo na kibao, upande wa nyuma wa Capital Hill, mahali ambapo magari ya watumishi wa serikali hupita bila kugeuza shingo. Msimamizi wake, Amanda Kachingwe, alikuwa ameshakataa kuonana na kamati ya wakimbizi. Lwaboshi alimtumia maneno machache tu, kwamba analo nenosiri, na geti likafunguka.

"Karibu, Amayi," Amanda alisema kwa Kiingereza, akimwita mama kwa Kichewa, kwa ule upole wa mtu mwenye shida. "Humu ndani kuna baridi."

Kulikuwa na baridi ya bucha na kelele za feni zisizopumzika. Amanda alimpeleka mbele ya kabati la chuma, ukubwa wake kama sanduku la nguo, lenye vyumba vyembamba kumi na sita. Kila chumba huingia seva moja bapa, inayosukumwa kama kitabu kwenye rafu. Mafundi huziita bledi. Umeme, upepo wa feni na mtandao, vyote zinavinyonya kutoka kwenye kabati hilo hilo.

"Ukitaka kuielewa kesi, elewa hili," Amanda alisema. "Seva hizi hazina jina. Jina ni la chumba. Anwani ya mtandao, na njia ya kwenda kwenye ghala la diski, vyote tumevifunga kwenye chumba. Seva ikifa, unachomoa, unachomeka nyingine, na hiyo mpya inaamka na jina la marehemu na mali zake zote."

"Hata kama ni mgeni."

"Kabati haliulizi. Chumba cha sita ni cha maabara inayopima makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mtu wenu alikuja kuweka seva ya mteja mwingine kabisa. Akaichomeka cha sita, ikaamka ikajiona ni ya maabara. Akaanza kupakia mfumo, mashine ikamuuliza kama isafishe diski, akakubali. Majibu ya wagonjwa yakafutika yote. Wengine hata hawakuwa wamefika kuyachukua."

"Nakala ya akiba?"

Amanda alirekebisha koti lake. "Ni ya zamani."

"Na seva ya maabara yenyewe ilikuwa wapi hiyo Jumamosi?"

"Tuliitoa Ijumaa, iko kwa fundi."

"Basi vyumba vitupu vilikuwa viwili. Yeye aliambiwa aweke kipi?"

"Kilicho wazi. Angetazama mipangilio ya kabati kwanza, kila fundi anajua. Halafu cha sita kina lebo. Soma."

Lwaboshi aliinama. Lebo ilisema chumba kina mwenyewe. Ilikuwa nyeupe kama yai. Za vyumba vingine zilikuwa zimeiva kwa joto mpaka zikawa na rangi ya chai ya rangi, pembe zimejikunja, na mikunjoni kuna vumbi. Alizitazama zote, moja moja, mpaka Amanda akakohoa.

"Hii mmeibandika lini?"

"Ipo siku zote."

Lwaboshi hakubishana. Uongo wa namna hiyo hauvunjwi papo hapo, mtu anauweka mfukoni kwanza.

"Isitoshe," Amanda akaendelea, haraka kidogo, "jioni ya Jumamosi hiyo hiyo mlinzi wetu mmoja alimwona mtaa wa Area 23, anakumbatiana na mtu, amebeba mfuko mkubwa. Washindani wetu wana fundi anayekaa kule. Unaona? Anaharibu hapa, anakwenda kulipwa kule. Haya, nenosiri."

Alivuta kibodi kutoka kwenye droo chini ya skrini. Lwaboshi aliandika kwa kidole kimoja, akisoma kila kitufe: Zawadi, kisha mwaka. Mashine ikakataa.

"Hilo ni lile lile alilotupatia," Amanda alisema. Upole ulikuwa umekwisha. "Umenipotezea muda, Amayi."

"Ni lile lile. Hajabadilisha hata herufi. Mwongo angeshatoa jingine."

Lakini hakuinuka. Mbele ya ile kibodi lilimjia jambo la mwaka wake wa kwanza Dzaleka, alipoombwa achape tangazo la kanisa na kila alipotaka A ikatoka Q. Waumini walicheka, naye akalia, kwa kuwa hata mikono yake ilikuwa imekuwa mkimbizi. Bukavu alikuwa amechapa maelezo ya mashahidi miaka na miaka kwenye kibodi ya Kifaransa. Huko A inakaa mahali pa Q, Z mahali pa W, na tarakimu hazitoki mpaka ubane kitufe cha herufi kubwa. Mchapaji wa kweli hatazami vitufe, vidole vyake ndivyo vinavyokumbuka.

"Mtu anapoanza kupakia mfumo," aliuliza, "mashine humuuliza anatumia kibodi ya lugha gani?"

"Huuliza. Nani anajali? Unabonyeza Kiingereza unaendelea."

"Mtu wa hapa, ndiyo."

Akageuza uso ukutani, akaviachia vidole vichape jina la mtoto wa Fabrice na mwaka wake kama ambavyo vingelichapa Bukavu. Skrini ikafunguka.

Amanda aliivuta kibodi upande wake. "Basi aliibadili makusudi, tusiweze kuingia."

"Hakuwafungia. Alichagua kibodi anayoijua, akachapa bila kutazama, na kwake kila kitu kilikwenda sawa. Hata hakujua kuna tatizo." Lwaboshi alisimama. "Ila Fabrice amesomea kambini, kwenye kibodi kama hii yenu. Ya Kifaransa hajaigusa maisha yake."

Kwa dakika moja alifurahi, na furaha hiyo aliijua tangu zamani. Ni furaha mbaya. Ukisema si huyu, umeshasema kuna mwingine.

Kutoka hapo alikwenda Area 23, kwa kuwa mpelelezi asiyefuata njia ya uongo mpaka mwisho wake hujikuta ameikanyaga baadaye. Fundi wa washindani hakupatikana wala kujulikana. Aliyepatikana ni Arlène, mwanamke wa Uvira anayeuza kaunjika, zile nguo za mitumba, pembeni mwa barabara.

"Fabrice? Ule wa Douce? Samedi alishinda hapa," Arlène alisema, huku akikung'uta blanketi. "Asubuyi mupaka jioni. Anapima makoti ya batoto. Hii fupi, hii nzito, Kanada kuko baridi ya namna gani. Alinichokesha, vraiment. Tulivyomaliza nikamukumbatia juu najua sitamuona tena."

Mfuko mkubwa ulikuwa wa makoti ya watoto. Lwaboshi alimshukuru Arlène akashika njia. Sasa alikuwa na ushahidi wa kutosha kwamba kijana hakukanyaga kile chumba cha baridi, na bado, kwa kumbukumbu za kampuni, kadi yake ya kazi ilikuwa imefungua mlango wa kituo saa za mchana. Kilichobaki ni kujua kadi ilikuwa mkononi mwa nani, na hilo, kwa kweli, alilijua tangu kwenye kiti cha plastiki.

Apollinaire alikuwa mhadhiri wa kompyuta chuoni Bukavu. Dzaleka alikuwa na meza ya kutengeneza simu karibu na soko, na ndiye aliyemfundisha Fabrice kila anachokijua. Alivaa suti, kama kila siku, hata juani. Suti yenyewe aliishona Lwaboshi.

"Karibu, Mama OPJ. Telefone imekufa?"

"Telefone iko muzima. Mwalimu, ile seva niliifungua leo. Macho ku ukuta, na bidole ya Bukavu."

Apollinaire aliweka bisibisi chini. Alichukua muda kuipanga sawa na nyingine.

"Nilichagua français," alisema. "Sikufikiri hata. Mikono njo ilichagua."

"Na kadi?"

"Fabrice alikuwa ananipatia kila samedi. Yeye iko na permis ya kazi, mi balinikatalia. Hapa camp, voisin akigonjwa, si tunamupokelea bunga yake? Tuliona ni vile vile."

Na kambini ni vile vile. Siku ya mgao jirani anashika kadi yako, anapanga foleni yako, anaitika jina lako, na jioni unga uko mlangoni kwako. Hakuna anayeita hilo wizi. Wagawaji wenyewe wanajua na wanatazama pembeni, kwa kuwa wangefuata sheria nusu ya wagonjwa wangelala njaa. Wawili hawa walichukua desturi hiyo ya ujirani wakaipeleka kwenye mlango wa chuma wa Lilongwe.

"Chumba cha sita, Mwalimu. Kulikuwa lebo?"

"Hakukuwa hata karatasi. Byumba bili bilikuwa mutupu, nikaingiza mu ya karibu."

"Ulipashwa kuangalia kwanza."

"Nilipashwa." Hakujitetea. "Miaka kumi nilikuwa nafundisha batu: mbele ya kuweka, angalia chumba ni cha nani. Samedi sikuangalia. Nilikuwa na haraka nitoke, juu kama mulinzi ananiita Fabrice mara mbili, ya tatu nitasahau kuitika."

"Na uliacha mutoto wa benyewe alale mu cachot ya polisi."

"Alinikataza kwenda. Alisema mi niko peke yangu na batoto tano, yeye batamuachilia, ni kosa tu, si bubaya. Nami nikakubali." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilikubali mbio, Mama OPJ. Njo ile inaniuma."

Lwaboshi alimhurumia, na alimkasirikia, na hakuficha lolote kati ya hayo mawili. Alimwambia bila yeye Fabrice hapandi basi. Apollinaire akauliza kama naye atarudi nyumbani. Lwaboshi akasema akieleza kwamba lilikuwa kosa, na kwamba lebo haikuwepo, hakuna hujuma, na pasipo hujuma hakuna kesi kubwa. Aliyasema kama OPJ. Alisahau kwamba alipokuwa OPJ alikuwa na muhuri.

Ijumaa asubuhi walikwenda pamoja. Amanda naye aliitwa. Lwaboshi alipanga hoja zake kama zamani mbele ya hakimu: makoti ya Area 23, kibodi, kadi ya kuazima, vyumba viwili vitupu, lebo nyeupe kati ya lebo za rangi ya chai. Apollinaire akathibitisha kila neno, kichwa wazi, mikono nyuma. Sajenti Nyirenda alisikiliza hadi mwisho, na alikuwa amevutiwa kweli.

"Zikomo kwambiri, asante sana, Amayi. Kazi safi. Sisi tulikuwa na mmoja." Alivuta kiti akaketi aandike. "Sasa tunao wawili."

"Fabrice hakuwepo. Hujuma imeanguka."

"Hujuma ataiamua hakimu. Huyu ameingia kwa kadi isiyo yake. Yule ameitoa, halafu ametudanganya wiki nzima. Wote watafikishwa mahakamani Jumanne."

"Jumatatu ana safari, sajenti."

"Jumatatu hakimu ana kesi za wengine."

Lwaboshi akamgeukia Amanda. "Mwambie lebo mliibandika lini. Mwambie hilo tu, mimi nitanyamaza."

Amanda alitazama simu yake, iliyokuwa imezimwa. "Ipo siku zote," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko jana, lakini ilitosha kuandikwa. "Na hata hivyo, Amayi, umekuja kuniambia si mtu wenu huyu, ni mtu wenu yule. Kwangu tofauti iko wapi?"

Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo, na huu aliutega Lwaboshi kwa mikono yake. Walipomwingiza Apollinaire, Fabrice alikuwa amesimama kwenye nondo. Alimtazama mwalimu wake, suti na yote, akamtazama Lwaboshi. Kisha kile Kiingereza kilichopotea kikamrudia. Alisema taratibu, kwa lafudhi safi, ili sajenti asikose hata neno, kwamba hamhitaji tena mama huyu awe mkalimani wake.

Kesho yake kampuni ilifuta kadi za wakimbizi wote waliokuwa wakifanya kazi kule. Mnyonge mnyongeni haki yake mpeni: barua iliandikwa kwa adabu kubwa.

Jumatatu basi lilikuja Dzaleka mapema. Watu walikuwa wengi, wenye kusafiri na wenye kusindikiza, na nyimbo za kanisa zilikuwa zimeanza upande wa mbele. Shirika lilikuwa limemweleza Douce waziwazi. Aende na watoto leo, suala la mumewe lifunguliwe faili lake peke yake, na litachukua muda ambao hakuna aliyeweza kuutaja. Au abaki, na familia nzima irudi mwisho wa foleni.

Alikuwa amesimama mbali kidogo na mlango wa basi, mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi. Lwaboshi alimwendea kwa kuwa kutomwendea kungekuwa kubaya zaidi.

"Nilikuomba unitolee bwana yangu," Douce alisema. "Sikukuomba utafute nani alifanya."

"Najua."

"Ungeacha ivo, angesema ni yeye, pengine bangemuhurumia. Nani alikutuma kwa mwalimu?"

"Hakuna mutu."

Douce alimpandisha vizuri mtoto wa mgongoni. Mtoto wa mkononi alikuwa akivuta kidole chake kuelekea kwenye basi. "Sasa unieleze, we unayejuaka byote. Mi niende ao nibaki?"

Maisha yake yote Lwaboshi aliuliza wengine. Aliwatazama watoto, akalitazama lile vumbi jekundu walimozaliwa wakati wazazi wao wakingoja, akamfikiria kijana nyuma ya nondo anayehesabu saa za basi. Hakuwa na ushahidi wa kumwelekeza popote.

"Panda," alisema.

Douce hakuaga. Alimnyanyua mtoto mkubwa akamweka ngazini, akapanda nyuma yake, akaketi upande wa pili, ule usiotazama kambi. Afisa wa shirika akasimama mlangoni na kuanza kuita majina, na kila familia ikaitika kwa sauti. Alipofika kwa Fabrice aliita, akangoja, akaita tena huku akitafuta uso kwenye umati. Ndani ya basi Douce alikuwa amefunga macho.

Lwaboshi ndiye aliyejibu.

"Hayupo," alisema, na afisa akaita jina linalofuata.